Miguu Myekundu Kwanza

Mjukuu wangu anafanya kazi Nairobi, na kila akipata Jumamosi hulipa watu wampeleke kupanda mlima. Longonot ameupanda, Ngong ameipanda, Aberdare ana picha zake amesimama mawinguni. Alipokuja Gede likizo ya Desemba nikamuuliza mbona huku hatembei. Akacheka. "Babu, huku kumelala kama chapati. Mtu atatembea kwenda wapi?" Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana sikumjibu papo hapo. Haya ndiyo majibu.

Mimi ni mzaliwa wa Jilore, kaskazini mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, pale ardhi inapoinama kidogo kuelekea mto Sabaki. Tulikokwenda kununua na kuuza ni Gede, na baina yetu na Gede palikuwa na msitu. Magari ya kuzungukia Malindi yalikuwako, lakini nauli ilikuwa ya watu wa mishahara. Hawe, mama yake baba, hakuwa na mshahara. Alikuwa na kuku, kunde na mihogo mikavu, na njia aliyoijua tangu akiwa msichana.

Mwaka alionichukua mara ya kwanza umetuletea ugomvi nyumbani. Shangazi ashikilia kuwa ni kabla ya mafuriko makubwa ya 1961; kaka yangu asema ni baada ya bendera kupanda. Nimetazama cheti changu cha ubatizo, nimehesabu vidole, nimeacha. Itoshe kwamba nilikuwa mdogo wa kutembea mbele yake ili anione, na kwamba tuliondoka kungali giza, umande umelowesha majani ya njiani.

Upande wetu udongo ni mwekundu, na juu yake miti ni mifupi, imesongamana, matawi yamefumana hata mtu mzima huinama. Humo ndimo nilimosikia kwanza sauti ya kile kibundi kidogo: mlio mmoja mfupi, mwororo, tena na tena, kama mara kumi bila kupumua. Hawe akaniambia nisimjibu. Wataalamu wa ndege walikuja kumpa jina la kitabuni mwaka 1966, na leo watu huvuka bahari ili wamwone amelala mchana kwenye kijiti, asiyezidi kiganja. Hawe alimtumia kama saa. Akinyamaza, alfajiri imekaribia; tuongeze mwendo.

Kukipambazuka, msitu hubadilika ghafla. Unatoka kwenye wekundu unakanyaga mchanga mweupe, na juu yako ni mirihi, mirefu, imeachana, mwanga unapita. Mrihi ukichipua majani mapya huwa na rangi ya shaba, na mtoto akidhani pana moto huko juu hajakosea sana. Hapo tulipumzika, tukala muhogo. Mbele zaidi mchanga huwa wa kijivu na miti huwa ya kila aina: mbambakofi, mhuhu wenye mbao ngumu yenye harufu nzuri, na chini yake sange akikimbia na matako yake ya dhahabu. Majani makavu yakilia, kwanza ulitazama ni sange au ni nyoka. Kinyesi cha ndovu Hawe alikigusa kwa kidole gumba cha mguu. Kikiwa baridi, twendelee. Kikiwa na joto, tulikaa chini tukanyamaza mpaka yeye aseme.

Basi hiyo ndiyo nchi iliyolala. Mwendo wa asubuhi moja, hakuna kilima hata kimoja, na umevuka misitu mitatu.

Sasa nifike kwa Ami. Duka lake lilikuwa Gede, si mbali na njia panda ya Watamu, nyumba ya matumbawe iliyopakwa chokaa, mlango wa mbao wa vipande viwili. Alikuwa Mshihiri, na kila mtu alimwita Ami, wazee wenziwe na watoto sawasawa. Ukikaribia, pua ilitangulia kufika: mafuta ya taa kutoka kwenye pipa lenye pampu ya mkono, papa mkavu anayening'inia juu ya kaunta, sabuni ya miche, na nyuma ya hayo yote kahawa ya tangawizi iliyokuwa haiondoki motoni. Nimeingia maduka mengi tangu hapo, mengine yana hewa baridi. Hakuna hata moja ninaloweza kulitambua nikifumbwa macho.

Ami alikaa kwenye kiti kifupi karibu na mizani, kikoi na fulana, kofia ya vito imesogea nyuma. Kwa kuwa alikaa chini, kitu cha kwanza alichokiona kwa mteja ni miguu, na miguu aliisoma. Mwenye vumbi la kijivu alikuwa mtu wa Gede au wa pembezoni. Mwenye tope jeusi lililokauka mpaka magotini alitoka Mida, kwenye mikoko. Mwenye wekundu ulioganda kwenye mundi, juu ya mchanga mweupe wa kwenye vidole, huyo ametoka Jilore kwa njia ya ndani. Udongo wetu ukishikana na umande hautoki mpaka uuoshe. Ami hakuuliza habari za safari. Alitazama chini, akainua mkono, akasema: "Miguu myekundu kwanza."

Hiyo ilikuwa sheria ya duka. Uwe umefika wa mwisho, ukiwa na miguu myekundu utahudumiwa wa kwanza, kwa sababu una msitu wa kurudia kabla ya magharibi. Watu wa Gede walinung'unika. Bwana mmoja mwenye baiskeli alizoea kusema kwamba siku moja atakwenda kujipaka udongo. Ami alimpimia sukari yake taratibu kuliko kawaida, kijiwe kimoja, kijiwe kingine, mpaka bwana yule akanyamaza. Hawe alinunua chumvi, papa, mafuta ya taa chupa mbili, na mimi nikapewa kahawa nusu kikombe na kaimati moja iliyobaki asubuhi. Deni liliandikwa kwenye daftari kwa hati za Kiarabu. Hawe hakujua kusoma, na sikumbuki hata siku moja walikosana hesabu.

Kwa mjomba ndiko nilikojifunza upande wa pili, maana yeye alioa Mida. Huko hutembei kwa saa, watembea kwa maji. Siku za bamvua, maji yakipwa, hori lote huwa uwanja wa tope na mchanga, na ndege kutoka nchi za baridi wamejaa, pamoja na wale weupe kwa weusi wenye midomo minene ambao kazi yao ni kuwala kaa. Mjomba alinifundisha kukanyaga karibu na mizizi ya mikoko, si katikati, na kugeuka kabla maji hayajaanza kuzungumza. Siku za maji mafu hatukwenda. Tope lile linanuka, ndiyo; mgeni huziba pua. Kwetu ilikuwa harufu ya kitoweo.

Na kulikuwa na mwendo wa tatu, wa vijana, kutoka Malindi kufuata ufuo mpaka mdomo wa Sabaki. Mvua ikinyesha bara, mto huleta udongo wa Ukambani wote na bahari ya Malindi huwa ya kahawia. Udongo huo ndio umeusukuma ufuo. Zipo hoteli zilizojengwa mawimbi yakiwa mbele ya ukuta, na leo mgeni hutembea mchanga mtupu kitambo kizuri kabla ya kulowa. Mdomoni mwa mto kuna viboko, na miezi mingine heroe wamesimama majini. Ng'ambo, kuelekea Mambrui, ndipo palipo na vilima vya mchanga vinavyohama. Njia ya mwaka jana utaikuta imefukiwa, na kinachoota hapo ni yale majani yatambaayo yenye maua ya zambarau. Tulipanda tukateleza kwa matako, tukapanda tena. Kwa hiyo hata vya kupanda vilikuwako, kama ni kupanda tu kunakotakiwa.

Miaka iliyofuata haina mengi. Msitu, ambao ulikuwa umetangazwa hifadhi ya serikali tangu 1943, ulianza kuwekewa mabango. Wengi wetu tulioishi pembeni tulitaka ukatwe tupewe mashamba. Haisemwi sana siku hizi lakini ndivyo ilivyokuwa, na ndovu waliokula mahindi walitupa hoja. Daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991, mabasi yakaacha kulala foleni kivukoni, bidhaa zikashuka bei Malindi kuliko Gede. Mwaka 1993 ukaja mradi wa Kipepeo pale penye magofu ya Gede, na majirani wakaanza kulea vipepeo na kuuza mabuu yao ng'ambo. Huo ulikuwa mpango wa akili, nausifu bado: kwa mara ya kwanza mti uliosimama ulimlipia mtu ada ya shule. Kisha ua wa umeme wa kuzuia ndovu, nao ulisaidia. Mida wakajengewa daraja la mbao na kamba juu ya mikoko, na fedha za wageni hulipia watoto wa shule. Sina ubishi na hayo.

Ami alikufa, wanawe wakahamia Mombasa. Nyumba ilibomolewa, na pale pana safu ya vibanda vya simu, rangi za kijani na nyekundu, muziki tangu asubuhi. Mwenye kibanda hakutazami miguu wala uso. Anatazama nambari.

Lakini kilichoiua njia ya Jilore si bango, si ua, wala si ndovu. Ni bodaboda. Serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, katika miaka michache hakukuwa na bibi aliyepita msituni na kikapu. Siwalaumu, Hawe angekuwa hai angepanda ya kwanza, tena angekaa mbele. Ninachokilaumu ni kwamba njia ilipofungwa na majani hakuna aliyegundua. Watoto wa Gede wa leo hawajui kwamba udongo hubadilika rangi nyuma ya nyumba zao. Hupanda pikipiki kwenda dukani mwendo wa kurusha jiwe, kisha wakiwa wakubwa Nairobi hulipa ili wachoke. Na tangu yale makaburi ya wafuasi wa dhehebu yalipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, ukisema unakwenda kutembea msituni watu hukutazama mara mbili.

Ufuoni nako ni hivyo hivyo. Vichochoro vya kuteremkia baharini vimezibwa kwa kuta za majumba ya kifahari. Kule kwenye vilima vya mchanga huletwa pikipiki za magurudumu manne, zinanguruma mahali ambapo upepo ulikuwa na kazi ya kutosha. Chupa za plastiki zinazoteremka na Sabaki sitaziandika, nitaharibu siku yangu.

Hasara yenyewe ni ipi? Si kumbukumbu za mzee. Wapita njia ndio waliokuwa macho ya msitu. Kwera mmoja mweusi na manjano wa Sokoke alijulikana kwa wataalamu karibu miaka mia kabla viota vyake havijaonekana, mwaka 2013, katika vinamasi vya Dakatcha ng'ambo ya Sabaki. Na walioviona ni watu waliokwenda kwa miguu, wakiwa pamoja na wenyeji. Leo mhuhu unakatwa usiku kwa ajili ya vinyago na kuni, mitego ya nyaya inatandikwa kwa paa wadogo, na habari hutufikia gogo limeshapakiwa.

Nina pendekezo, na nimeshaiandikia ofisi inayohusika bila kupata jibu. Ifunguliwe njia moja, Jilore mpaka Gede, siku moja kila wiki, bure kwa wanaoishi kandokando, kwa miguu tu, wakiongozwa na wale vijana wetu wanaojua kumwonyesha mgeni kibundi kilipolala. Shule zilete watoto. Akina mama wapite na mizigo yao. Gari la doria lina ratiba, na mwizi wa magogo huijua kuliko dereva. Ratiba ya mabibi wenye vikapu hakuna mwizi aliyewahi kuijua.