Beji Iliyobaki Msumarini

Marehemu kaka yangu alifanya kazi ya kupiga picha za eksirei kwa miaka 22. Nikiwa mwanafunzi nilizoea kumpitia kazini jioni, na kila mara niliiona beji yake ndogo ya plastiki ikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Siku moja nikamwuliza ni ya nini. Akacheka, akasema, "Hiyo ni ya kupima mionzi, mdogo wangu. Zamani walikuwa wakizichukua kwenda kuzisoma. Siku hizi hawaji tena."

Alifariki kwa saratani ya damu akiwa na miaka 57. Sidai kwamba mionzi ndiyo iliyomwua. Saratani itokanayo na mionzi haina alama ya kuitofautisha na nyingine. Ninachosema ni kwamba hatutajua kamwe, kwa sababu hakuna aliyepima.

Tunayoyafahamu kuhusu madhara ya muda mrefu yalipatikana kwa kupima na kusubiri. Tangu mwaka 1950, watafiti wa Japani na Marekani wamewafuatilia watu wapatao 120,000, wengi wao manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Saratani ya damu iliongezeka miaka michache tu baada ya mabomu. Saratani za viungo kama mapafu, matiti na tumbo zilifuata baadaye, na hatari yake imewaandama manusura hadi uzeeni.

Kadiri ushahidi ulivyoongezeka, viwango vilishushwa. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, ambayo awali ilikubali milisiveti 50 kwa mwaka kwa mfanyakazi, ilipendekeza mwaka 1990 wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, ukikokotolewa kwa miaka 5. Kwa mwananchi wa kawaida kikomo ni milisiveti 1. Tanzania nayo inayo Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003, pamoja na tume ya kuisimamia. Maandishi tunayo ya kutosha.

Lakini kikomo cha 20 kina maana gani kwa mtu ambaye hajui amepokea ngapi? Beji iliyo msumarini hupima mionzi ya ukutani, si ya kifuani. Kaka alipougua, daktari alituuliza historia yake ya mionzi. Tulikwenda kuomba kumbukumbu, karani akatufungulia faili kwa upole: miaka minne ya mwanzo ilikuwa na namba, iliyobaki 18 ilikuwa mitupu. Kwa faili la namna hiyo familia haina msingi wa kudai fidia, wala mwajiri hana cha kujitetea nacho.

Ndugu zangu mnaoidhinisha bajeti, fungu la kusomesha beji ni rahisi kulikata, maana mwaka huo hakuna atakayeugua. Gharama yake hulipwa miaka 20 baadaye, na mtu ambaye hakuwamo kikaoni.

Nanyi wanafunzi mnaokwenda kufanya kazi kwenye mionzi, vaeni beji kifuani, na kila mwaka ombeni kiasi mlichopokea kwa maandishi. Nakala moja iwekeni nyumbani. Kaka yangu hakuwahi kuiomba, nami niliyeiona beji ile mara nyingi sikumhimiza.