Suluhu Si Kunyamaza: Mkeka wa Handeni na Swali la Korogwe

Leo sina pishi jipya wala mtindo wa mtandio. Nina jambo la kifamilia nililolinyamazia muda mrefu. Mama amenipa ruhusa nilieleze, maana anasema huenda likamfaa binti wa mtu.

Mama si mzaliwa wa Unguja. Ni Mzigua wa Handeni, aliolewa huku akiwa msichana, na leo ukimsikia anavyozungumza utadhani kazaliwa Mji Mkongwe. Babu alipofariki aliacha shamba la ekari nane, nusu mahindi na nusu michungwa. Bibi alikuwa ameshatangulia. Watoto wao watatu: Mjomba, ambaye ndiye mkubwa, kisha Mama, kisha Mama Mdogo aliyeolewa Korogwe.

Kwa hesabu ya mirathi yetu, mwanamume hupata mafungu mawili na mwanamke moja. Basi Mjomba ekari nne, Mama mbili, Mama Mdogo mbili. Hata mtoto wa chuoni angeipata. Lakini Mjomba alilima zote nane kwa miaka sita, na maneno yaliyotufikia ni kwamba wanawake wameshaolewa, wana kwao. Ajabu ni kwamba Wazigua kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Nilimtania Mama kwamba ameshinda kwa dini na kwa mila, kinachomshinda ni kaka yake tu. Hakucheka.

Wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni, na somo moja lilihusu majadiliano na utatuzi wa migogoro. Kitabu kinachotajwa sana katika somo hilo ni cha Roger Fisher na William Ury wa Marekani, kilichotoka mwaka 1981. Humo mna kisa cha watoto wawili waliogombea chungwa. Wakalikata katikati. Mmoja akala nyama yake na kutupa ganda, mwenzake akachukua ganda la kutia kwenye keki na kutupa nyama. Kila mmoja angeweza kupata chote alichokitaka, laiti wangeulizana wanalitakia nini.

Lakini kilichonishangaza zaidi kilitoka kwetu. P. H. Gulliver, mtafiti wa mambo ya jamii, alifanya kazi Tanganyika miaka ya 1950. Alikaa na Waarusha wa mteremko wa Mlima Meru na Wandendeuli wa kusini, akaangalia jinsi watu wanavyomaliza ugomvi kwa mazungumzo, bila hakimu wa kuwaamulia. Mwaka 1979 akatoa kitabu kinachosomwa mpaka leo na wanaosomea usuluhishi duniani. Humo anasema majadiliano hupita hatua nane. Ya kwanza ni kutafuta uwanja, yaani mahali pa kukutania na watakaohusika. Kisha watu hupanga ajenda. Baadaye kila upande huvuta kwake kwa nguvu, halafu tofauti huanza kupungua, wakajiandaa kwa maafikiano, wakaafikiana, wakayathibitisha kwa jambo la heshima, na mwisho wakayatekeleza.

Nikamwambia Mama, “Twende Handeni.”

Tulipanda boti mpaka Dar es Salaam, tukalala kwa jamaa, alfajiri tukachukua basi la njia ya Chalinze. Tuliteremka Mkata, tukapata gari nyingine mpaka Handeni, kisha bodaboda mbili mpaka kijijini. Mama hakusema neno njia nzima. Alishika tasbihi yake tu.

Kesho yake mkeka ulitandikwa chini ya mwembe. Walikuwepo wazee wa ukoo, imamu wa msikiti, mwenyekiti wa kitongoji, na mtani mmoja mwenye maneno mengi. Mimi nilikaa nyuma na daftari langu, najiona mtafiti.

Saa nzima ya mwanzo ilikuwa kama kitabu kilivyosema. Mjomba alihesabu mbolea aliyonunua, palizi alizolima, na gharama za matibabu ya Babu. Mama alihesabu miaka sita. Sauti zilipanda. Mtani akauliza kama tumekuja kugawana shamba au kulima kwa ndimi. Watu wakacheka, na kicheko kile kilifungua njia.

Nilimnong'oneza Mama, “Muulize anaogopa nini.”

Akamuuliza kwa sauti ya upole, “Kaka, ukinipa ekari zangu unaogopa nini?”

Mjomba alinyamaza, kisha akasema, “Naogopa utauza. Uko kisiwani, una shida zako, utamuuzia mgeni. Mgeni ataweka uzio, na makaburi ya wazee yatakuwa ndani ya uzio wa mtu.”

Mama akalia. “Mimi mahindi yako siyataki, kaka yangu. Nataka siku nikija nisiambiwe mgeni. Nataka mahali pangu penye michungwa ya baba na kaburi la mama.”

Wapenzi, chungwa lile la kitabuni nililiona kwa macho. Mjomba alikuwa akilinda makaburi, na Mama alikuwa akiyatafuta makaburi yaleyale. Hazikupita dakika ishirini, wakaafikiana. Mama atapata ekari mbili za upande wa michungwa na makaburi. Mjomba ataendelea kuzilima na kumpa sehemu ya mavuno. Ikitokea kuuza, Mjomba ataulizwa kwanza. Muhtasari ukaandikwa, watu wakatia saini, imamu akasoma dua, tukala ugali kwa kuku. Nikaandika kwenye daftari: hatua ya saba.

Nikaandika na jambo jingine. Mapema Mjomba alisema, “Mdogo wetu wa Korogwe yeye ameshasamehe fungu lake.” Watu wote wakasema mashaallah. Nami nilisema. Pembeni ya ukurasa niliweka nyota, nikaandika: mfano wa upole.

Siku ya pili tulikwenda Korogwe kumpa Mama Mdogo habari njema. Anakaa si mbali na stendi, akimuuguza mumewe. Alitukumbatia, akachemsha chai, akasikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Na mimi?”

Mama akasema, “Si umesamehe?”

“Nimesamehe lini, dada? Nani aliniuliza? Hata kikao chenyewe nakisikia kwenu sasa hivi.”

Sijui nieleze vipi aibu ya saa ile. Sisi hatukumpigia simu, kwa kuwa Mjomba alisema amempa taarifa. Tulikuwa na hamu ya suluhu, na suluhu ilikuwa rahisi zaidi yeye akiwa hayupo. Ekari zake mbili ndizo zilizotupunguzia ubishi, na mimi mwenye daftari niliziwekea nyota.

Niliporudi masomoni nilisoma kazi ya Laura Nader, mtafiti wa Marekani, iliyotoka mwaka 1990. Baada ya kukaa na Wazapoteki wa Mexico alionya kwamba kusifu maelewano kila mara kunaweza kuwa njia ya kutawala watu. Anayedai huonekana mkorofi, na anayenyamaza husifiwa. Nikawaza ni wanawake wangapi tunaowajua “waliosamehe” mirathi bila kufungua mdomo. Dini yetu inaitukuza suluhu, tena sana. Lakini dini hiyohiyo imetaja fungu la binti kwa idadi, haikuliacha kwa hisani ya kaka. Msamaha ni zawadi, na zawadi hutolewa na mwenye mali kwa mkono wake.

Na sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Mabaraza ya kata nayo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, hayahukumu tena migogoro ya ardhi. Yanasuluhisha tu, na yakishindwa ndani ya siku thelathini, mtu huendelea mbele.

Mama alimpigia Mjomba palepale Korogwe. Mjomba alikasirika. “Mambo yameshaisha! Mnataka kuvunja suluhu?”

Mama akamjibu, “Suluhu ya watu wawili haimalizi haki ya watatu.”

Baada ya mavuno mkeka ulitandikwa tena, safari hii mbele ya wajumbe wa baraza la kijiji, na Mama Mdogo akiwepo. Mjumbe mmoja mama mtu mzima alimtaka aseme mwenyewe. Akasema: nataka zote mbili. Akapewa. Baadaye ekari moja alimwazima binti wa Mjomba alime, kwa hiari yake, mbele za watu.

Sitawaficha bei yake. Idi iliyopita Mjomba alimpigia Mama, lakini Mama Mdogo hakumpigia. Tunaomba Mola ailainishe mioyo yao. Mama Mdogo anasema afadhali kununiwa na haki yako mkononi kuliko kupendwa kwa kuwa huna sauti.

Nami daftari langu ninalo bado, nyota ile sijaifuta. Nilidhani majadiliano huanza watu wakishakaa. Kumbe hatua ya kwanza ya Gulliver, kutafuta uwanja, ndiyo nzito kuliko zote: nani ameitwa, nani hakuitwa. Siku ukialikwa kwenye kikao cha mirathi au cha ndoa, kabla hujasema mashaallah kwa aliyesamehe, tazama kama amekaa mkekani. Kama hayupo, mpigie simu.

Je, kwenu nani alisamehe bila kuulizwa? Nisimulieni. Wassalaam.