Hesabu Siku Kabla ya Faida

Iringa, Julai 2025

Mwanangu,

  Baba yako amenieleza kwamba wewe na wenzako mmesajili kikundi, mmejiunga na NeST, mfumo wa zabuni za umma wa mtandaoni, na mnataka kuomba zabuni ya kupeleka maharage na mchele shule ya bweni. Aliniomba nikukataze. Sikukatazi. Ila kabla hujatuma maombi, soma hapa, maana nimelisha shule miaka tisa na ada ya kujifunza niliilipa mwenyewe.

Kupata zabuni siko kunakonitia wasiwasi. Sisi tulikuwa tunapanda basi kwenda kudumbukiza bahasha kwenye sanduku. Ninyi mnaomba mkiwa mmekaa nyumbani. Tena sheria inazitaka taasisi za umma zitenge 30% ya manunuzi yao kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Wewe hakikisha leseni haijaisha muda, mambo yako ya TRA yamenyooka, kila fomu imejazwa, na maombi yameondoka siku mbili kabla. Saa ya kufunga ikifika, mfumo haumjui mtoto wa fulani. Na nywila usimwachie kijana wa stesheneri. Anayekujazia bei anaijua bei yako, na huenda mchana huohuo anamjazia na mshindani wako. Ukikosa, soma sababu walizokupa. Ukiona umeonewa, yapo malalamiko kwa afisa masuuli, na juu yake Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Siku za kulalamika ni chache, usizimalize kwa kulia.

Hofu yangu ni ile siku utakayoshinda.

Zabuni yangu ya kwanza ilikuwa tani nne za maharage. Nilinunua kilo kwa shilingi 1,800, nikauza kwa 2,100. Nikajipigia hesabu ya faida: 1,200,000. Nilifurahi hadi nikanunua kitenge. Gari na wapakiaji wakachukua 300,000. Serikali ikilipa bidhaa huzuia 2% ya kodi, kwangu ilikuwa 168,000. Hiyo haipotei, ukidai hati yake inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, lakini mkononi haipo. Nikabaki na 732,000.

Sasa sikia. Mtaji sikuwa nao wote. Nilikopa milioni nne kwa watu wa kausha damu, riba 10% kwa mwezi. Yaani laki nne kila mwezi. Mwezi wa pili ulipoisha, riba ilikuwa laki nane na faida yangu imeshaliwa. Hela ya shule niliipata mwezi wa kumi na moja. Dawa ya deni ni kulipa, wanasema, ila mdaiwa akiwa Serikali humkabi shati. Miezi ile tisa iliyobaki niliwalisha watoto wa watu kwa ng'ombe wa bibi yako.

Kwa nini nilichelewa? Pesa kutoka juu zilikuwa haba, hilo kweli. Lakini nusu ya kosa lilikuwa langu. Siku ya kupeleka mzigo nilifika jua linazama. Mtunza stoo alikuwa anataka kufunga. Tukapima gunia la kwanza, kilo 100. La pili, 100. La tatu mshale ukagoma kwenye 97. Nilimwamini aliyeniuzia, sikupima nyumbani. Tukabishana hadi giza likaingia, mwishowe akaandika "yamepokelewa", akatia saini, nikaondoka nikishukuru. Nilipopeleka ankara, mhasibu akaniuliza: tarehe iko wapi? Kamati ya mapokezi imesaini wapi? Namba ya LPO, ile hati yao ya kuagiza mzigo, mbona haifanani? Kila swali lilikuwa safari nyingine na nauli nyingine. Nilipomaliza kukusanya saini ikawa 30 Juni imepita, mwaka wa fedha umefungwa, na dai langu likaingia kwenye orodha ya madeni ya kusubiri uhakiki.

Kwa hiyo mwanangu, mzigo usitoke bila LPO mkononi, hata mkuu wa shule akikupigia simu kwa sauti ya upole kwamba watoto watalala njaa. Pima kwako, kisha mpime kwao, mchana, kamati ikiwepo. Saini, jina, cheo, tarehe, muhuri. Nakala ibaki kwako, na ankara iingie juma hilohilo. Wazee wa sokoni walisema mali bila daftari hupotea bila habari; dai la Serikali ndilo hupotea upesi zaidi.

Bei nayo ipange kwa kusubiri. Huku kwetu maharage ni rahisi wakati huu wa mavuno. Februari maghala yakikauka bei inapaa, na mkataba ukisema bei haibadiliki, haibadiliki. Usishushe bei ili ushinde, kisha uanze kutafuta maharage yenye wadudu ili ufidie. Kama hamwezi kukaa miezi sita bila kulipwa, ombeni mzigo mdogo. Mtaji ukipungua, kaulizieni mikopo ya halmashauri isiyo na riba. Katika ile 10% ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo hiyo, vijana wana 4%. Kausha damu msiwasogelee.

Watakuja pia watu wawili. Mmoja atasema faili lako linahitaji "kusukumwa". Ukimpa leo, kesho halitembei bila yeye. Mwingine ana kampuni kubwa na atataka kutumia jina la kikundi chenu aingie kwenye fungu la vijana, awaachie laki moja moja. Mambo yakiharibika, watakaofungiwa ni ninyi.

Nimempa baba yako daftari langu la mapokezi akuletee. Jalada limechakaa, kurasa nyingine zina alama za mafuta ya taa. Ukurasa wa kwanza utaona saini nzuri kabisa ya mtunza stoo, na pembeni yake nafasi ya tarehe, tupu. Usiijaze. Kila ukienda kupeleka mzigo, lifungue daftari uitazame kwanza, ndipo ushushe gunia.

Wasalimie wenzako.

Ni mimi shangazi yako.