Ajuza na Ajizi

Katika malezi ya Waswahili, mkubwa habebi mzigo ilhali mdogo yupo. Kijana aliyelelewa akaleleka humpisha mzee kitini, humpokea kikapu njiani, na humwambia neno ambalo sote tumelisema mara zisizo na idadi: "Keti kitako, nyanya, nitakufanyia." Sijawahi kusikia neno hilo likilaumiwa. Makala haya yanalilaumu, na mtuhumiwa wa kwanza ni mimi ninayeyaandika.

Nyanya yangu mzaa mama anaishi Likoni, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa. Tangu nipate akili nimemjua kuwa mtu wa miguu. Kila Alhamisi alikuwa akivuka kwa feri kwenda Marikiti kununua viungo, na yeyote aliyewahi kuvuka Likoni anaujua ule mteremko wa kuingilia feri na ule mwinuko wa kutokea. Nyanya alikuwa akiupanda mwinuko huo kikapu mkononi, nami nikihema nyuma yake. "Mume wangu," alikuwa akinitania, "ukichoka wewe, nani atanibeba?" Nyumbani alikuna nazi, alipepeta mchele, alifua, na kila alfajiri aliteka maji kabla majirani hawajaamka.

Miaka mitatu iliyopita, nilipokuwa nikimalizia shahada ya kwanza, aliteleza uani akaanguka. Hakuvunjika mfupa wowote, lakini sisi tuliingiwa na hofu. Mama akatafuta msichana wa kazi. Mjomba akaleta kiti cha plastiki chenye mikono. Nami, msomi wa nyumba, nikaiondoa mbuzi ya kukunia nazi nikaiweka juu ya kabati asikoweza kuifikia, kisha nikamshauri awe anaswali kwa kuketi kitini, kwa kuwa dini ina ruhusa.

Ruhusa hiyo ipo, nayo ni rehema kwa asiyeweza. Nyanya alikuwa anaweza. Sikulifikiria jambo hili wakati ule, ingawa hesabu yake ni nyepesi: swala tano za faradhi zina rakaa 17 kwa siku, na kila rakaa ina sijida mbili. Anayeziswali kwa ukamilifu wake huuinamisha na kuuinua mwili wake mzima mara nyingi kila siku, mwaka baada ya mwaka. Nilimwondolea nyanya kazi hiyo kwa maneno ya upole, nikarudi chuoni nikijiona mjukuu mwema.

Niliporejea baada ya miezi minane, majirani walinipokea kwa hongera. Nyanya yako amenawiri, walisema, amepata mwili. Kweli mashavu yalikuwa yamejaa, na mizani ilionyesha uzito uleule wa mwaka uliotangulia. Lakini alipotaka kuinuka aliishika mikono ya kiti, akajisukuma mara ya kwanza, akajisukuma mara ya pili, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndoo unishike mkono." Bangili yake ya fedha, ambayo zamani haikutoka ila kwa sabuni, ilikuwa ikiteremka hadi karibu na kiwiko.

Tulimpeleka kwenye zahanati. Aliulizwa swali ambalo huulizwa kila mgonjwa: "Unaumwa na nini?" Akajibu ukweli: "Siumwi." Mhudumu akafunga daftari. "Basi ni uzee tu, mama," akasema. Tukarudi nyumbani.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nimeanza kufikiria utafiti wa uzamili kuhusu taswira ya uzee katika ushairi wetu, na ghafla nikaona kwamba taswira hiyo haikuwa vitabuni pekee. Ilikuwa imeketi ukumbini kwenye kiti cha plastiki. Nikaanza kusoma nje ya somo langu, na niliyoyakuta ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Kwanza, jambo lenyewe lina jina. Mwaka 1989 mtaalamu wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, alipendekeza liitwe sakopenia, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani: nyama na umaskini. Hoja yake ilikuwa hoja ya kilugha kama ilivyokuwa ya kitabibu. Aliona kwamba hakuna badiliko la uzeeni linaloonekana wazi kama kupungua kwa misuli, na bado halikuwa likishughulikiwa. Likipewa jina, litatazamwa. Ilichukua muda. Ni mwaka 2016 tu ndipo hali hiyo ilipopewa msimbo wake katika orodha ya magonjwa inayotumiwa na hospitali za Marekani.

Pili, mizani inaweza kudanganya. Misuli inapopungua, mafuta huweza kuchukua nafasi yake, na uzito ukabaki palepale. Wanaotuhesabia kilo hawatuambii ni kilo za nini. Ndiyo maana watafiti hupima nguvu kabla ya kupima nyama. Katika mwongozo wa wataalamu wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2019, mtu huombwa ainuke kitini na kuketi mara tano bila kutumia mikono. Akizidisha sekunde 15, pana shaka. Hutazamwa pia mwendo wake: atembeaye mita nne kwa sekunde tano au zaidi amepungukiwa. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Linda Fried na wenzake walikuwa wametaja dalili tano za unyonge wa uzeeni: kukonda bila kukusudia, kuchoka, mkono kukosa nguvu ya kukamata, mwendo kuwa wa polepole, na kupunguza shughuli. Mwenye tatu kati ya hizo huhesabiwa kuwa mnyonge. Katika tano hizo, maumivu hayamo. Nyanya alisema kweli aliposema haumwi. Swali ndilo lililokosewa.

Wala utafiti huu si wa Wazungu peke yao. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza wamewachunguza wazee wa vijijini kwa miaka mingi, na wametunga kipimo kifupi cha unyonge kwa ajili ya mazingira ya Tanzania, kwa kuwa vipimo vya ughaibuni havikubali kuhamishwa vilivyo.

Tatu, na hili ndilo lililonichoma. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo wazee wenye afya njema walilazwa kitandani kwa siku 10 bila kuugua lolote. Kwa siku hizo 10 tu walipoteza takriban kilo moja ya nyama ya miguu. Kupumzika kwenyewe kuliwala. Nami nilikuwa nimempumzisha nyanya kwa miezi minane.

Hapa nikalikumbuka neno ajuza. Tulilipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake, wenye ain, jim na zai, una maana ya kushindwa na kutoweza. Mzizi huohuo ndio uliotupa ajizi, na ndio uliotupa muujiza, yaani jambo linalowashinda wanadamu kulifanya. Basi tunapomwita mwanamke mzee ajuza, tumekwisha kumhukumu kabla hajajaribu: kutoweza kumo ndani ya jina lake. Lakini methali yetu inasema ajizi ni nyumba ya njaa, na katika nyumba yetu ajizi haikuwa ya ajuza. Ilikuwa yetu sisi tuliomketisha. Njaa ilikuwa ya misuli yake. Kila siku alikuwa akipewa chai na mkate mweupe, kwa sababu meno yamepungua na mkate ni laini, ilhali wataalamu hushauri mzee apate protini gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kiwango kinachozidi kile cha kijana. Umaskini wa nyama katika nyumba isiyokosa mbaazi wala samaki!

Fasihi yetu nayo ina sehemu yake. Tumefundishwa kuusoma uzee kama mawaidha. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyasimamisha magofu ya Pate mbele ya moyo wake ili uzinduke na kuiacha dunia. Ni utenzi mkubwa, na sithubutu kumsahihisha mtunzi wake. Nasema tu kwamba sisi wasomaji tumeuhamisha mfano huo mahali usipokusudiwa. Tunamtazama mzee aliye hai tukaona gofu, kitu cha kuzingatiwa wala si cha kukarabatiwa. Kisha tunaongeza kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya mjini Boston kwa wazee 10 wanyonge wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Waliwapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa majuma manane. Nguvu ya miguu ya waliomaliza iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Samaki waliokwisha kukauka walikunjika. Nasi hatukuhitaji kufika Boston ili tuamini: Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa akiipiga ngoma ya msondo akiwa mkongwe ambaye hata umri wake ulibishaniwa. Tulimwita muujiza. Labda hakuwa muujiza. Labda ni kwamba hakuna aliyethubutu kumpokonya ngoma.

Hatimaye tulimpata mtaalamu wa tiba ya viungo, mwanamke wa makamo aliyezungumza na nyanya badala ya kuzungumza nasi. Alimwomba ainuke bila kushika kiti. Hakuweza hata mara moja. Basi wakaanza na kiti kilichoinuliwa kwa mto, mara tatu asubuhi na mara tatu jioni. Mama akabadilisha chakula: mbaazi, kunde, mayai, maziwa, samaki aliyechambuliwa miiba. Nami nikapanda juu ya kabati nikaiteremsha mbuzi. Nyanya aliitazama kwa muda mrefu. "Nilidhani mmeiuza," akasema.

Sitaki kumdanganya msomaji. Hakurudi kuwa yule wa Alhamisi. Ilichukua miezi mitano aweze kuinuka mara tano mfululizo, na sekunde zake bado ni 19. Anaswali rakaa ya kwanza kwa kusimama na kusujudu, kisha huketi. Hukuna nusu ya nazi na kumwachia msichana nusu ya pili, akimkosoa kwa kila punje. Miezi minane ya kuketi haikufutika, na kuna ninachokijua kuwa nilimpotezea ambacho sitaweza kumrudishia.

Wanafunzi wenzangu na walimu wangu, kwa sensa ya mwaka 2019 Kenya ilikuwa na takriban watu milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 na zaidi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, na haki ya kutunzwa na familia na dola. Kushiriki kumetajwa mwanzo na kutunzwa mwisho. Sisi nyumbani tuligeuza mpangilio huo, tukatunza hadi tukazuia kushiriki. Hapa Pwani wengi wa wazee hao huulizwa hali zao kwa Kiswahili. Ikiwa swali pekee tulilowapa wahudumu ni "unaumwa na nini", basi pengo hilo ni la taaluma yetu pia. Tuwape maswali mengine: unainuka vipi? Unatembea hadi wapi? Ni kazi gani uliyoiacha mwaka huu, na nani aliyekuachisha?

Kuhusu istilahi, niliwahi kumuuliza nyanya yeye angeiitaje hali hii. Hakufikiri sana. "Nyama zimenihama," akasema, kama mtu anayewazungumzia wapangaji. Nimeliandika neno hilo katika daftari langu la utafiti, pembeni mwa sakopenia, na sijaamua lipi litangulie.

Juma lililopita nilimwambia kwa mazoea, "Keti kitako, nyanya." Akanitazama, mikono ikiwa juu ya magoti. "Nishaketi sana, mume wangu," akanijibu. "Sogea nipite."