Damu ya Watoto Wachanga

Nilizaliwa Hirbadaw, katika nchi ya wafugaji upande wa Hanang, na Mungu aliponijaalia elimu ya maabara riziki yangu ikawa Mwanza, ambako nimeotesha damu ya wagonjwa sehemu kubwa ya umri wangu.

Walionishughulisha moyo kuliko wote ni watoto wachanga, hasa njiti, ambao maradhi yao hayana dalili ya kuaminika: mtoto aghalabu hupoa mwili badala ya kuchemka, akaacha kunyonya, na tabibu hana ithibati ila kile kitakachoota chupani. Damu yenyewe ni mililita moja au mbili, na chupa huandikwa jina la mama, madhali mtoto hajapewa lake. Asubuhi huinuliwa kwenye nuru. Maji ya kuoteshea yaliyokuwa maangavu yakiwa yametibuka, ndipo tone hupakwa kwenye sahani ya agari, na jingine likatiwa rangi ya Gram na kutazamwa kwa hadubini.

Mwaka 2011 wenzetu wa Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, walitangaza habari iliyonikosesha usingizi: vimelea 17 vya damu ya watoto wachanga, ambavyo kwa namna vilivyochachusha sukari vilifanana na Salmonella, lakini vinasaba vyao vilipochunguzwa vikabainisha Enterobacter wa aina isiyopata kuandikwa popote. Vilikuwa sugu kwa dawa nyingi tulizozitegemea, isipokuwa siprofloksasini na jamii ya karbapenemu. Mwaka 2016 kimelea hicho kikapewa jina, Enterobacter bugandensis. 

Wako wasemao kuwa jina halimponyi mtu. Sikubaliani nao kamwe. Kimelea kidhaniwacho Salmonella hutafutwa katika maji na chakula cha nyumbani kwa mama, ilhali hiki yapasa kitafutwe wodini, katika vyombo na mikono yetu wenyewe, na kila siku ipoteayo katika msako usio wake hukipa nafasi ya kuwafikia watoto wengine waliolala jirani.

Tangu hapo, kila kimelea cha jamii ya Enterobacter kilichotoka katika damu ya mtoto na kuishinda dawa ya seftriaksoni, sikumruhusu kijana yeyote wa zamu yangu aandike "Enterobacter" peke yake na kufunga daftari. Tulikihifadhi katika friza, kikiwa na tarehe na wodi yake, kikapelekwa kuchunguzwa vinasaba kila nafasi ilipopatikana.