Alfajiri ya Makete

Ufundi wa umeme wa jua nalijifunza Bagamoyo, mahali ambapo maadui wa paneli ni joto na hewa ya chumvi, na katika miaka yote niliyopanda mapaa ya Kaole na Mlingotini, hata Saadani, sikupata kuihofu baridi. Wakati wa kusi, mwezi wa Julai, wazee wetu wanapojifunika mashuka gubigubi, alfajiri joto hushuka hadi kiasi cha nyuzi 20, ilhali adhuhuri paneli hufika nyuzi 60 na volti zake zikapungua. Basi nikazoea kuziunga tatu tatu kwa mfululizo, ili joto likiisha kula sehemu yake, ibaki ya kutosha kujaza betri.

Kwa desturi hiyo hiyo nikaenda Makete, katika nyanda za juu za Njombe, kufunga paneli sita katika zahanati ya kijiji. Kila paneli iliandikwa mgongoni volti 48 pasipo mzigo, kwa kipimo cha nyuzi 25. Tatu zikafanya 144, na ukomo wa kontrola, kile kifaa kinachosimamia ujazaji wa betri, ulikuwa 150. Taa zikawaka, nikaaga, nikateremka Njombe mjini na moyo mkunjufu.

Baada ya siku mbili nikaitwa. Muuguzi alinipokea mlangoni akaniambia, “Fundi, jana usiku tumezalisha kwa tochi.” Sikuwa na jibu illa kumwomba radhi. Nikalala pale pale, na kabla ya mapambazuko nikatoka na kipimajoto, nikakuta nyuzi 2, na sakitu imetanda majanini, nyeupe kama chumvi ya Saadani. Jua lilipochomoza nikapima safu moja: volti 154. Kontrola ilikuwa imeungua.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa yakini jambo nililolisoma zamani nikalipuuza: paneli ikipoa, volti hupanda, na kwa aina nyingi hupanda karibu asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja chini ya 25. Tofauti ya nyuzi 23 ilikuwa imeongeza takriban asilimia 7. Tena jua la alfajiri, ijapokuwa ni dhaifu, latosha kuamsha volti karibu zote kabla halijaipasha paneli joto na kabla kontrola haijaanza kuchukua umeme. Mkondo ukiwa mwingi, kontrola nzuri huchukua kiasi chake ikauacha uliosalia. Lakini volti zikizidi ukomo, vifaa vya ndani hufa papo hapo.

Nikanunua kontrola nyingine kwa fedha yangu, nikaziunga paneli mbili mbili, jozi tatu sambamba, kila jozi na fyuzi yake, na waya mnene zaidi wa kuchukua mkondo ulioongezeka. Kwa baridi ile ile nikapima volti 103, nami nikakaa siku tatu zaidi, nikizipima kila alfajiri.

Leo nafundisha vijana hapa Bagamoyo. Anayetumwa bara namwusia kwamba, kabla ya kuhesabu paneli, sharti amwulize mwenyeji ni mwezi gani sakitu huanguka, kisha apige hesabu yake kwa alfajiri hiyo. Muuguzi yule alizaliwa Makete, akaijua sakitu tangu utotoni; angalinieleza yote kwa neno moja, lau ningalimwuliza.