Tabora na watoto: hesabu maji kabla ya nauli

Likizo ya katikati ya mwaka ikikaribia, wazazi huanza kuulizana: mwaka huu tuwapeleke wapi watoto? Majibu huwa yaleyale: baharini, Mikumi, au kwa bibi. Wiki hii tunapendekeza upande usiotajwa sana. Nenda Tabora kwa kufuata njia ya zamani ya misafara, tembeeni hadi Kwihara, kisha mlale kwenye hema siku mbili katika Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla.

Safari hii haihitaji ushujaa, inahitaji mpango. Tabora mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, halafu kunakauka hadi Oktoba. Juni na Julai ndiyo miezi mizuri: barabara za vumbi zinapitika, jua halijawa kali kama la Septemba, na usiku kuna baridi ya kutosha kuwafanya watoto wagombanie blanketi.

Tatizo la msimu huo ni maji. Mtu mzima akipata kiu atasema. Mtoto wa miaka minne anaweza kusahau kunywa kwa sababu ya michezo, akachoka, akanyamaza, akalala, nawe ukadhani ni usingizi wa safari. Ndiyo maana tunasema maji yahesabiwe kabla ya nauli.

Watoto walipita hapa zamani

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa na urefu wa kilomita 1,200 hivi, na Tabora ndiyo ilikuwa kituo kikubwa katikati. Kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na pori kavu la vichaka lililoitwa Mgunda Mkali. Wasafiri waliliogopa kwa sababu mtu angeweza kutembea siku kadhaa humo na kupata maji kidogo sana, tena bila kijiji cha kununua chakula.

Ukipanda treni ya reli ya kati, utapita upande huo baada ya Manyoni na Itigi. Waambie watoto wachungulie dirishani. Mbele yake, ukiingia Unyamwezi, kuna Tura. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita huko mwaka 1857, aliandika kwamba jina hilo maana yake ni kuweka mzigo chini. Kwa anayejua neno letu "tua", maelezo hayo yanatosha. Mpagazi aliyefika Tura alijua sehemu mbaya imepita.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Baadhi yao walisafiri na wake zao na watoto. Msafara uliondoka alfajiri, ukatua kabla jua halijawa kali, na kambi ikapigwa penye maji. Mbele alitangulia kirangozi, aliyechagua njia.

Hapo tayari una ratiba ya kutembea na watoto. Anzeni saa 12:30 asubuhi, na saa 4 mwe mmeketi kivulini. Mwendo uwe wa yule mdogo kuliko wote. Kama yeye anaweza kilomita tatu, safari ya familia ni kilomita tatu.

Hesabu ya dumu

Kwa kambi ya ukame, hesabu lita 5 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupika tu. Familia ya watu watano kwa siku tatu, yaani kufika, kushinda na kuondoka, inahitaji lita 75. Hayo ni madumu manne ya lita 20. Ongeza dumu la tano la akiba, na lisifunguliwe mpaka mmerudi kwenye lami. Maji ya kunawa na kuosha vyombo ni hesabu nyingine. Usitegemee mto: maji yake hayanyweki bila kuchemshwa, na kuyachota kuna hatari nyingine tutakayoieleza hapa chini.

Mpe kila mtoto chupa yake yenye alama yake. Kila mnapopumzika, wote wanywe, mwenye kiu na asiye na kiu. Beba pakiti za ORS. Na jioni mwulize kila mtoto amekojoa mara ngapi. Mkojo mchache wenye rangi nzito unakwambia hajanywa vya kutosha.

Chakula cha njia kinapatikana Tabora kwenyewe. Nunua michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, hivi vibichi na hivi vilivyochemshwa kwanza. Havioozi, havivunjiki kwenye begi, na pamoja na karanga vinashibisha. Asali ya Tabora ina sifa nchi nzima. Chukua chupa, ila usimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Siku ya kwanza: Kwihara

Usikimbilie porini siku mnayofika. Laleni mjini, kisha kesho yake mfanye matembezi ya majaribio hadi Kwihara, kilomita zisizofika 10 kutoka mjini. Wenye watoto wadogo waende kwa gari, washuke karibu na kumalizia kwa miguu. Hapo mtoto mmoja awe kirangozi, na wakubwa wamfuate nyuma.

Kwihara kuna tembe alilokaa David Livingstone, ambalo limejengwa upya na sasa ni makumbusho. Henry Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, wakaja pamoja hadi hapa Februari 1872. Stanley aliondoka Machi. Livingstone akabaki hadi Agosti, akisubiri wapagazi na mahitaji kutoka pwani. Alikaa miezi mitano kuliko kuondoka na mahitaji pungufu. Alipofariki mwaka uliofuata, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma na Susi pamoja na wenzao waliubeba mwili wake, wakapita tena Kwihara, na kuufikisha Bagamoyo Februari 1874. Watoto wengi wamesikia jina la Livingstone. Hakikisha wanaondoka wakiyajua na majina ya Chuma na Susi.

Watauliza kuhusu minyororo

Njia hii ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watu waliokamatwa na kuuzwa. Tangu 2006 imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia wa UNESCO, na jina lake linataja watumwa na pembe waziwazi. Mtoto atauliza. Usimjibu kwamba hayo ni mambo ya wakubwa.

Wa miaka sita anatosheka na maneno machache: watu walikamatwa, wakatenganishwa na mama zao, na ilikuwa dhuluma. Wa miaka kumi na miwili anaweza kubeba zaidi. Mweleze kwamba mkataba wa Juni 1873 ulifunga soko la Zanzibar na kukataza kusafirisha watumwa kwa bahari, lakini utumwa haukuisha siku hiyo. Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922. Mweleze pia kwamba Tabora ya leo wanaishi wajukuu wa wapagazi, wa wafanyabiashara na wa waliofungwa minyororo, na pengine wote hao ni babu za mtu mmoja. Kwa hiyo hatumnyooshei kidole jirani kwa jina lake wala rangi yake.

Ugalla: sheria za kambi

Ugalla ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Ni miombo na mto, wenye viboko na mamba, na maji yake huishia Ziwa Tanganyika kupitia Malagarasi. Kabla ya kuondoka nyumbani, wasiliana na TANAPA uulize mambo manne: lango gani linapitika, kambi ipi iko wazi, askari wa kutembea nanyi anapatikana siku gani, na viingilio ni kiasi gani kwa kila umri.

Mbung'o wapo, na wanaweza kueneza malale. Huvutiwa na rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi, kwa hiyo sweta la shule la bluu libaki nyumbani. Vaeni kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu, na vioo vya gari vifungwe. Mtoto akipata homa wiki chache baada ya kurudi, mweleze daktari mlikokuwa. Malaria nayo haikosekani, kwa hiyo chandarua chenye dawa kiingie ndani ya hema.

Hema lisiwe ukingoni mwa mto wala kwenye njia ya viboko, maana usiku hutoka majini kwenda malishoni. Mwonyeshe askari mahali kabla hujapigilia kigingi. Hakuna mtoto anayesogelea maji, hata kunawa mikono. Usiku hakuna anayetoka peke yake. Weka ndoo ndani ya hema na usione haya. Kutembea ni pamoja na askari, naye ndiye kirangozi. Moto ni pale anaporuhusu, na huzimwa kwa maji au mchanga kabla ya kulala.

Simu zinaweza kukosa mtandao. Mwachie ndugu mmoja nyumbani karatasi yenye majina yenu, namba ya gari, lango mtakaloingilia na siku ya kutoka, na mkubaliane afanye nini asipowasikia. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, iko Tabora mjini. Hesabu kutoka kambini hadi huko ni saa ngapi, na hakikisha gari lina mafuta ya safari hiyo wakati wote.

Jambo la mwisho mlipange mkiwa bado sebuleni: ni lini tutarudi kabla ya wakati? Mtoto akitapika mara mbili, turudi. Maji yakibaki dumu la akiba tu, turudi. Gari likileta mashaka asubuhi, hatuendi mbele zaidi. Mkubaliane baba na mama, na watoto wasikie, ili siku hiyo ikifika pasiwe na wa kubembelezwa. Ugalla itakuwapo likizo ijayo.